Nani kati yenu anatuibia?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka 19 bila kuwaandikia neno. Ila ile habari ya wiki jana, kwamba wataalamu wanaofundisha watu wazima jioni "wanajitolea" huku taaluma zao zikidorora, imenishinda kunyamazia. Zikidorora? Mwandishi wenu alimuuliza nani?

Mimi ni mhasibu. Nilipoanza kufundisha utunzaji wa hesabu nilidhani naenda kugawa nilichonacho. Jioni ya tatu mama mmoja mfanyabiashara, umri wa kunizaa, akasimama na taarifa yake ya benki mkononi. "Mwalimu, umetuambia fedha ikiingia ni debiti, upande wa kushoto wa daftari. Mimi nikiweka fedha, benki wanaandika krediti, upande wa pili. Nani kati yenu anatuibia?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakauka. Jibu nilikuwa nalo: ile taarifa ni sehemu ya leja ya benki, yaani daftari lao la hesabu, si lake, na fedha yake kwao ni deni wanalodaiwa. Lakini hebu mweleze hivyo mtu aliyeendesha biashara miaka yote bila debiti wala krediti, tena akafanikiwa! Nilibabaika robo saa nzima, mwisho nikamwomba, "Mama, nipe mpaka Alhamisi." Siku mbili nikawa nachora daftari mbili, lake na la benki, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hapo ndipo nilipoona kwamba kazini nilikuwa nalinganisha hesabu kwa mazoea ya vidole tu, sijiulizi upande wa pili unaona nini. Wiki ileile nikaibua kosa kwenye hesabu za mteja: makato yaliyorudishwa na benki, sisi tuliyaandika kama makato mapya. Urari, ile orodha ya kulinganisha jumla za debiti na krediti, ulilingana vizuri tu, maana kosa lilikaa pande zote mbili, na kwenye usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki, tofauti ile tuliibeba miezi mitatu kwa neno "itafuatiliwa".

Na hizi saa za mafunzo endelevu ambazo chama cha wahasibu kinatudai, 120 kila miaka 3! Nikisinzia hotelini kutwa nzima, nyuma ya mtu mwenye kompyuta kubwa, napewa cheti na saa zangu. Nikifundisha muhula mzima, chama changu kinanipa sifuri, eti nafundisha ninachokijua tayari. Ningekuwa nakijua nisingeomba mpaka Alhamisi.

Halafu viti. Watu wenye wajukuu wanakunjwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti kidevuni, na habari yenu haikuliona hilo.

Basi mtumeni mwandishi wenu afundishe jioni sita, mada yoyote anayojidai kuijua, aje na mto wake wa kukalia. Aanze Alhamisi hii kwangu. Yule mama ameuliza kwa nini cherehani ambayo thamani yake imekwisha kufutwa vitabuni kwa uchakavu bado inashona, na jibu langu la kwanza amelikataa.

Mhasibu, mwalimu wa jioni