Barua ya wazi kwa Afisa Kazi Mfawidhi, Mkoa wa Mbeya: njoo saa 12 asubuhi

Ndugu Afisa Kazi,

Salaam. Mimi ni mke wa mlinzi. Mume wangu analinda ghala moja hapa jijini, zamu ya usiku, na nakuandikia mimi kwa sababu yeye hathubutu. Akiandika leo, kesho lindo lake kapewa mwingine. Kwa hiyo jina lake silitaji, wala la kampuni.

Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi. Hapo ni kama mwenzake wa mchana amewahi. Akichelewa, mume wangu haruhusiwi kuacha lindo. Anamngoja mpaka saa 2, siku nyingine saa 3, na muda huo hakuna anayeuandika popote. Kisha ni mwendo wa saa nzima kwa miguu mpaka nyumbani. Mapumziko yake ni siku moja kwa mwezi, nayo ni endapo hakuna aliyeugua.

Mwaka jana mwezi wa saba, katikati ya baridi yetu ile, alirudi asubuhi akakaa kwenye kigoda avue buti. La kushoto likagoma. Nililegeza kamba zote, nikavuta, wapi. Mguu ulikuwa umevimba ndani kama andazi. Nikaleta kisu nilikate, akanishika mkono: buti ni la kampuni, watamkata kwenye mshahara. Akalala nalo, mguu nimeuinua juu ya gunia la mahindi. Saa 7 mchana ndipo lilipotoka. Jioni akalivaa tena akaenda.

Wiki ile ile nilimvuta mpaka kituo cha afya. Nesi akampima presha, akamwambia akae atulie, akampima tena: 178 kwa 112. Hajafika hata miaka 45. Akaandikiwa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na alale vya kutosha. Chumvi iko jikoni kwangu, nimeipunguza siku hiyo hiyo. Usingizi wake hauko mikononi mwangu, wala mwake.

Sasa tuhesabu, Ndugu Afisa. Saa 12 kwa siku 7 ni saa 84 kwa wiki, bila zile za kumngoja mwenzake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19, inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Za mume wangu katika wiki 4, akikosa ile siku moja ya kupumzika, ni 156. Zaidi ya mara tatu! Kila saa ya ziada ilipaswa kulipwa angalau mara moja na nusu, na kila saa ya usiku kuongezewa asilimia 5. Kwenye mshahara wake sijawahi kuona nyongeza hizo.

Wasimamizi wao wana jibu moja: sheria inaruhusu zamu ya saa 12. Ni kweli inaruhusu. Lakini inataka makubaliano ya maandishi, na siku za kazi zisizidi 5 kwa wiki. Wanasoma nusu ya kwanza ya sheria, nusu ya pili wanaifunika.

Na wapo wanaosema mlinzi kazi yake ni kukaa tu, achoke na nini? Hili linaniuma kuliko yote. Mtu akilala usiku presha yake hushuka, moyo unapata nafuu. Huyu usiku wake wote yuko macho kwenye baridi, na mchana analala kwa vipande, watoto wanacheza nje, bati linawaka jua, mwenye genge anapiga redio. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao ya pamoja: mwaka 2016 pekee, watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefanya hivyo, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hao ni wa saa 55. Wangu ni 84.

Kuna mwenzao mmoja alianguka lindoni, akapooza upande wa kulia. Mtaani wakasema karogwa, katupiwa kitu na waliotaka kuiba pale. Familia ikauza kiwanja ikizunguka kwa waganga. Hakuna aliyeuliza baba huyu alikuwa analala saa ngapi. Mimi niliuliza, mkewe akaniambia: tangu aanze kazi ile hajawahi kumwona kalala usiku mbili mfululizo.

Ninachokuomba ni kimoja. Sheria ya Taasisi za Kazi inakupa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Tafadhali usije saa 4 asubuhi ofisini kwao. Pale utakuta daftari la mahudhurio lenye zamu tatu za saa 8 na saini zimepangwa vizuri. Mume wangu mwenyewe husaini hivyo, maana ndivyo anavyoelekezwa. Njoo saa 12 asubuhi kwenye malindo yenyewe, pale Mwanjelwa, Soweto, barabara ya kwenda Uyole. Usiwaambie unakuja. Muulize mlinzi mmoja mmoja, msimamizi wake akiwa mbali: umeingia saa ngapi? Jana je? Mara ya mwisho kupumzika lini? Urudi saa 12 jioni uone kama hutawakuta wale wale.

Na wenye cheti cha daktari kwamba hawafai tena kwa kazi ya usiku, mwajiri aambiwe awahamishie mchana. Hilo nalo limo kwenye ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Cheti cha mume wangu kimekaa miezi minne kwenye droo ya ofisi yao. Nakala ninayo mimi, nimeifunga kwenye nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki.

Tarehe yake ya kupima tena ni mwisho wa mwezi huu. Ningefurahi sana kama ungewahi kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mke wa mlinzi,
Mbeya