Simu ya mezani msiikate kwanza

Leicester, Uingereza,
16 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ugonile, Mama. Dada Tumpe, shikamoo. Kaka Ambakisye, shikamoo na wewe, hata kama tumenuniana. Atupele, najua ni wewe utakayemsomea Bibi. Soma taratibu na usiruke mahali.

Mimi mzima. Baridi ipo, kazi ipo, hayo tuyaache. Barua hii anakuja nayo mwenzangu anayeshuka uwanja wa ndege wa Songwe wiki ijayo. Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi, maana kwenye grupu la familia nikianza tu sentensi Kaka ameshajibu kwa kidole gumba.

Kwanza habari njema. Leseni ya udereva ya hapa nimeipata, tena kwa jaribio la kwanza. Kuna wenzangu wawili kazini wamerudia mara tatu na bado. Gari nimenunua, Toyota Yaris, kuukuu lakini langu, sidaiwi hata senti. Picha imo ndani ya bahasha. Mwonyesheni na yule mzee wa nyumba ya tatu aliyesema nikifika Ulaya nitaishia kusukuma toroli. (Toroli ninasukuma, la dawa za wazee, lakini hilo msimwambie.)

Sasa tuje kwenye lile. Ujumbe wa Kaka ulinikuta natoka zamu ya usiku: "Tuma laki mbili na nusu tulipe deni la simu ya mezani, tuikate, tupumzike." Basi. Hata pole na kazi hakuna. Pesa si neno, nimeshazoea kuombwa. Lililonichoma ni hilo "tuikate", kama vile kikao kilishakaa. Dada akaniandikia pembeni kwamba Mama kasema simu ya mumewe haitoki pale sebuleni mpaka atoke yeye. Kumbe kikao hakikukaa.

Kaka, hesabu zako sizipingi. Ni kweli anayepiga pale ni mimi na waliokosea namba. Ni kweli Mama ana simu ya mkononi yenye laini mbili, na mimi ndiye niliyeinunua. Lakini niambie, nikipiga hiyo ya mkononi nampata nani? Nampata Atupele anacheza gemu. Au naambiwa haipatikani, kumbe umeme ulikatika tangu asubuhi na chaji imeisha. Nikimpigia Dada nasikia wauza mitumba wa Mwanjelwa kuliko ninavyomsikia yeye. Nikipiga ya mezani nimepiga nyumbani. Inaita muda mrefu, nami najua Mama anatoka jikoni, anafuta mikono, ndala zinaburuzika kwenye korido. Na yeyote atakayepokea, awe mgeni, awe fundi wa bomba, lazima anieleze nani yupo na nani katoka.

Shangazi alipofariki mlinipigia? Nilisoma kwenye grupu. Msiba wa Shangazi ulikuwa katikati ya picha ya keki na tangazo la bando. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya duka nimeshika mkate. Hilo sijalisahau, Kaka, na sitaki kujibiwa.

Huku nako simu za mezani za zamani wanaziondoa. Mitambo imezeeka, vipuri havipatikani, na wamesema mwisho wa Januari 2027 mtambo wote wa zamani wa simu uwe umezimwa, simu zipite kwenye intaneti. Nina bibi ninayemhudumia, ana miaka 91, ameshahamishiwa huko. Jioni moja umeme ulikatika mtaani kwake. Nafika namkuta kakaa gizani na koti lake, mkonga wa simu sikioni, anasikiliza kimya. Simu imekufa, na kile kitufe anachovaa shingoni cha kuomba msaada kimekufa nayo. Inatakiwa watu kama yeye wapewe betri itakayoiwezesha simu kuita msaada kwa walau saa moja. Yeye alipewa, ilikuwa kabatini ndani ya boksi lake, na gundi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini pale nyumbani, mtaa wa Forest, umeme ukikatika tulikuwa tunapiga simu kwa mwanga wa koroboi. Waya wa shaba unakuja na umeme wake kutoka kituo cha simu. Kwa hiyo Dada, hiyo faiba unayoitaka, intaneti ya waya wa kioo, siikatai, intaneti ya nyumbani Atupele ataihitaji kwa masomo. Ila jua kwamba faiba inaleta mwanga tu, umeme hauleti. Kile kiboksi cha ukutani kinakula umeme wenu. Mkiiweka, nunueni na betri yake, na ulizeni kwanza kama namba yetu ya 025 inaweza kuhamia humo. Wakisema haiwezi, msisaini kitu mpaka tuongee.

Namba hiyo ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa, Mama. Yako ya mkononi mpaka niitafute kwenye simu.

Sasa Atupele, hapa pumzika kidogo, unywe maji, halafu uendelee. Mama, unakumbuka bili ya 1998? Ile iliyokuja elfu sabini na kitu, Baba akaisoma amesimama, kisha akaenda kukaa nje kwenye tofali na sare yake ya reli ya TAZARA mpaka giza likaingia. Simu ilikuwa na kufuli, kile kidogo cha shaba kwenye tundu la namba moja, na ufunguo walikuwa nao wawili tu, Baba na Mjomba Anyosisye. Mjomba aliapa mpaka akalia. Hakuna aliyemsadiki. Kesho yake alifunga godoro akapanda basi la Kyela, na kazi yake ya gereji pale Mafiat akaiacha.

Ilikuwa mimi.

Yule fundi aliyekuja kupima laini nilimwona hazungushi namba. Anabonyezabonyeza kile kidude cha kukatia simu. Ukikibonyeza haraka mara tatu, mtambo unadhani umezungusha tatu. Sifuri ni mara kumi. Kufuli halina habari. Mlipokuwa mnalala naondoa kitambaa chako cha jogoo juu ya simu, nakikunja vizuri ili nikirudishe vilevile, naanza kubonyeza. Nilikuwa nampigia binti wa Makambako niliyekutana naye kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, baba yake alikuwa na duka lenye simu. Namba yao ilikuwa na sifuri nyingi mpaka kidole kinakufa ganzi. Nikikosea hesabu napata watu wasiohusika, nao bili yao ipo.

Kaka, wewe ulijua. Uliniona usiku mmoja ukiwa unaenda chooni, ukacheka, ukarudi kulala. Tukanyamaza wote wawili. Sikusemi kwa ubaya, ila unapoandika "tuikate, tupumzike" najiuliza unataka kupumzika na nini.

Mjomba alirudi kwenye msiba wa Baba na ndoo mbili za mchele, akakaa na wageni nje, hakuingia sebuleni. Nilimwona. Nilikuwa mtu mzima, nina pesa mfukoni, nikashindwa kutoka kwenda kumwambia. Nikapanda ndege na neno langu.

Kwa hiyo nimemtumia Dada laki tatu na nusu. Laki mbili na nusu ni deni la simu, lilipwe lote, laini irudi. Inayobaki ni nauli ya Mjomba kutoka Kyela, nyama, na chochote atakachopenda kunywa. Mwambieni Lusajo ana maneno naye, msimwambie zaidi. Jumamosi tarehe 1 Machi, saa mbili usiku ya kwenu, nitapiga ya mezani. Mwekeni kwenye kiti cha Baba, palepale kwenye stuli ya simu. Mama usipokee. Atupele usipokee. Hata ikiita ikakatika, nitapiga tena, mpaka anyanyue mwenyewe.

Mahindi mabichi najua yameanza. Mkichoma, msinitumie picha.

Mwanao,
Lusajo

N.B. Dada, yule wa Makambako usihangaike kumtafuta Facebook. Nimeshamtafuta. Ana watoto wanne na duka ndilo analoendesha yeye.