Ndimu za hepi awa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu makala zinazotuelekeza baa za kwenda jioni. Nazisoma zote, na nyingi naziamini. Ila waandishi wake wana tabia moja: huingia usiku baa ikiwa imechangamka, wakasifu taa, viti na muziki, wakataja kokteli tatu, yaani pombe za kuchanganywa, zenye majina marefu, wakaondoka. Sijaona aliyekwenda saa kumi na moja jioni, hepi awa, yale masaa ya jioni ya kuuza vinywaji kwa punguzo, ikiwa ndiyo kwanza imeanza, akaonja kile kinachouzwa kwa punguzo. Kwangu mimi hapo ndipo baa hujulikana.

Nina mazoea ya kuzungukia baa za jirani saa hiyo, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Sikatai kwamba ubahili unachangia. Lakini pia kaunta huwa haina msongamano, anayechanganya vinywaji ana muda wa kujibu maswali, na unaiona mikono yake inavyofanya kazi. Huanza na daiquiri. Ni ramu, maji ya ndimu na sukari, basi. Kitu kimoja kikiwa kibovu, viwili vilivyobaki haviwezi kukificha.

Baa moja, ambayo sitaitaja, iliniletea daiquiri yenye ladha iliyopooza na uchungu wa mbali, kama ndimu iliyolala kwenye kisosi. Nikamuuliza kijana wa kaunta, naye akanijibu kwa upole, bila hila, kwamba ndimu hizo zilikamuliwa jana. Mbichi zinakamuliwa baadaye, hepi awa ikishakwisha. "Hizi ni za hepi awa," alisema.

Mhariri, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi nilidhani napunguziwa bei, kumbe nilipunguziwa kinywaji.

Maji ya ndimu hayasubiri. Saa chache tu baada ya kukamuliwa harufu yake nzuri imeshapotea, na kesho yake yamebaki makali yasiyo na uhai. Vermuti nayo wengi huiweka rafuni pembeni ya chupa ya jini (gin), kana kwamba ni pombe kali. Si pombe kali, ni divai iliyotiwa viungo na kuongezwa nguvu kidogo, na chupa ikishafunguliwa mahali pake ni kwenye friji. Negroni huchanganywa kwa mafungu matatu sawa ya jini, Campari, ile pombe chungu ya Kiitalia, na vermuti. Kwa hiyo chupa iliyokaa rafuni miezi kadhaa ikiwa wazi inakunywesha theluthi nzima ya glasi ikiwa imechacha, halafu mteja anasema, "Mimi Negroni siipendi."

Barafu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Watu hudhani kazi yake ni kupoza tu. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni mchanganyiko wa pombe kali, sukari, maji na bita, yaani yale matone machungu. Maji yamo tangu mwanzo, na siku hizi sehemu kubwa yake huletwa na barafu inapoyeyuka wakati wa kutikisa au kukoroga. Ikiwa ni vipande vidogo vilivyokwisha kulowa ndooni, maji huingia kabla kinywaji hakijapoa vizuri. Ndiyo maana nikikaa kaunta huitazama ndoo ya barafu kabla ya kuitazama menyu.

Wenye baa watajibu kwamba punguzo lina gharama, na saa ile mhudumu huwa mmoja. Nakubali. Ila dawa ipo, na haihitaji ndimu za jana. Vinywaji visivyo na maji ya matunda, kama Negroni na Manhattan, vinaweza kuchanganywa mapema kwa wingi, maji yake yakapimwa humohumo, vikakaa kwenye friji vikisubiri kumiminwa. Mhudumu mmoja anatosha. Vinavyohitaji ndimu viwe viwili tu, zikamuliwe mchana huohuo. Kama hesabu bado hazikai sawa, glasi iwe ndogo. Glasi ndogo ya kinywaji kizuri sijawahi kuilalamikia.

Sasa chakula, na hapa nalaumu hata zile baa ninazozipenda. Wanashusha bei ya pombe saa kumi na moja, hepi awa inakwisha saa moja, jiko linafunguliwa saa moja na nusu. Nani alipanga ratiba hii? Mtu ametoka kazini na njaa, anakunywa viwili haraka kabla saa haijafika, tumbo tupu. Kilevi hufyonzwa kwa kasi zaidi kwenye utumbo mwembamba, na chakula tumboni hukichelewesha kufika huko. Sahani ndogo iliyowekwa mapema humsaidia mnywaji kuliko nasaha yoyote iliyobandikwa ukutani.

Tena vinapatana mdomoni. Chumvi hupunguza makali ya uchungu, ndiyo maana kitafunio cha chumvi kidogo hukifanya kinywaji kichungu kiwe kitamu bila kuongeza sukari. Mafuta nayo huhitaji kitu chenye uchachu cha kuyakata, na daiquiri nzuri inaiweza kazi hiyo. Mwenye baa anayelijua hili hatoi vitafunio kama takrima ya kuondoa lawama. Anavipanga pamoja na glasi, na menyu yake fupi inasomeka kama kazi ya mtu aliyekaa akafikiri.

Wapo waliokwisha kuona hatari ya kushindanisha watu na saa. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipiga marufuku punguzo la namna hii kwa vinywaji mwaka 1984, na Ireland ikafuata mwaka 2003. Sitaki tufike huko. Ningekosa pa kwenda jioni. Lakini nimevutiwa na jambo moja: Massachusetts waliizuia bei ya pombe, hawakuizuia bei ya chakula. Kwa nini baa zetu zisifanye hivyo kwa hiari yao, punguzo kubwa liende kwenye sahani, dogo liende kwenye glasi? Hata jina hepi awa, mabaharia wa Jeshi la Majini la Marekani walipolizoea miaka ya 1910, lilikuwa la burudani melini, ndondi na muziki.

Rafiki yangu asiyekunywa pombe, ambaye huwa ndiye dereva wetu, anasema haya yote yanamhusu pia. Ndimu ya jana ni ndimu ya jana, iwe na ramu au isiwe nayo.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mwandishi wako anayefuata aende hepi awa, akae kaunta, aulize ndimu zimekamuliwa lini, vermuti inakaa wapi na jiko linafunguliwa saa ngapi. Majibu ayaandike kama alivyoyasikia. Taa na viti tutajionea wenyewe.

Baa ile nilirudi wiki tatu baadaye. Yule kijana aliponiona mlangoni alichukua ndimu mbili nzima, akazikata na kuzikamua mbele yangu kabla sijaagiza, na bili ilikuja kwa bei ya hepi awa. Nikamwomba na kitu cha kutafuna. Akatazama saa ya ukutani, akacheka: jiko bado.

Ni mimi,
Msomaji wako wa kila wiki