Msimamishe Sanga kwanza

Iringa, Jumatano usiku

Kaka Mgaya,

Kamwene. Habari za Njombe na baridi yake? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, na Tito bado anakudai lile gunia la viazi. Mengine baadaye, maana ujumbe wako umenikatisha salamu: fundi Sanga anaanza kubandika tailizi za bafu Jumatatu, na wewe ndiyo kwanza unauliza ununue hita gani ya maji ya kuoga! Msimamishe. Siku mbili tatu tu. Hita yenyewe inaweza kusubiri hata mwaka, lakini bomba na waya wake vinalala nyuma ya tailizi, na unene wa waya unategemea hita utakayochagua.

Sasa hiyo shawa ya umeme unayoililia, kama ile ya kwa Mama Neema Kinondoni. Kwa Mama Neema inafanya kazi kwa sababu Dar ni Dar. Hesabu yake nyepesi: kilowati 1 ikipasha maji yanayopita lita 1 kwa dakika, inayaongezea nyuzi 14 hivi. Kwa hiyo shawa ya kilowati 5.5, ukiifungulia lita 5 kwa dakika, inaongeza nyuzi 16, basi. Maji ya Dar yakiingia na nyuzi 27 yanatoka na 43, mtu anaoga huku anaimba. Ya kwako Julai yakiingia na 14 yanatoka na 30, hayo ni ya kuoshea gari. Ukitaka 40 itabidi ubane koki hadi lita 3, bega moja linalowa na lingine linasubiri zamu.

Na hapo nimehesabu volti 230 kamili. Jioni watu wakiwasha majiko umeme ukashuka hadi 190, nguvu ya hita inaporomoka kuliko volti zenyewe: ile 5.5 inabaki kama 3.7, na kwa lita 3 zilezile unapata nyuzi 32. Halafu mtu anaambiwa hita ni feki. Si feki, imepelekwa mji usio wake.

Mimi ningefunga boila, yaani hita yenye tangi, ya lita 50 na kilowati 1.5. Inavuta ampea 7 tu, waya wa mm 2.5 unatosha, wakati shawa ile ingevuta ampea 24 na kudai waya wa mm 4 au zaidi kutoka kwenye meinswichi. (Sanga asikudanganye kuunga kwenye soketi ya chumbani. Waya utachemka ndani ya ukuta na hutauona.) Kutoka nyuzi 14 hadi 60 boila itachukua saa moja na dakika 50 hivi na kula yuniti 2.7. Ukichanganya na maji baridi unapata kama ndoo nne za lita 20 za maji ya kuoga. Boila ya lita 30 itawatosha wawili, wa tatu atalia.

Hata na boila, waya uwe wake peke yake, breka yake, na breka nyingine inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Swichi ikae nje ya bafu. Eathi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ndiyo nasisitiza, kaka. Hita isiyo na eathi kwenye sakafu yenye maji... tuache, unaelewa.

Kwenye bomba, maji ya moto yapitie PPR, bomba la plastiki linaloungwa kwa kuchomelea, ya mm 20, daraja la PN20, ile yenye mstari mwekundu. PVC ya kawaida italegea. Kabla ya plasta Sanga azibe ncha zote, apige pampu ya mkono hadi presha ya baa 10, aache walau nusu saa, na mshale wa geji usishuke. Kiungo kikivuja leo ni kazi ya dakika kumi; kikivuja baada ya tailizi ni nyundo. Boila ikae karibu na shawa, kwa sababu kila mita ya bomba hilo inameza karibu desilita moja na nusu ya maji ambayo utayamwaga ukisubiri moto ufike.

Valvu ya usalama itakuja ndani ya boksi. Inafungwa upande wa maji baridi, kwa kufuata mshale, na itadondosha matone hita ikiwaka. Ni kawaida: lita 50 zikipata moto zinavimba karibu lita 0.8, na hayo maji lazima yatoke mahali. Mafundi wakiona matone wanaziba. Ukiziba umetengeneza bomu. Vutia kibomba hadi kwenye mtaro. Tangi lijae maji ndipo uwashe umeme, la sivyo koili inaungua siku ya kwanza. Kila mwaka fungua uangalie fimbo ya magnesiamu. Ikiliwa ikaisha, kutu inahamia kwenye tangi.

Kosa jingine la kawaida ni baridi kutoka bomba la mtaa na moto kutoka simtanki. Presha hazilingani, baridi inausukuma moto urudi, mnasema mixa, ile koki ya kuchanganya moto na baridi, ni mbovu. Vyote viwili vitoke simtanki.

Sola nzuri, lakini si sasa. Acha tu bomba mbili zilizozibwa zikitokeza juu ya dari, ukipata hela mtaunganisha bila kugusa tailizi.

Sasa nijibu haya. Chini ya simtanki hadi shawa ni mita ngapi? Ukuta ni tofali za kuchoma au bloku zenye tundu? Boila iliyojaa inakaribia kilo 70, bloku za tundu zitataka bolti za kupenya hadi upande wa pili. Eathi rodi ipo, na nani aliipima? Asubuhi mnaoga wangapi? Na Sanga PPR anaichomelea kwa mashine au kwa moto wa jiko? Usicheke, nauliza kweli.

Msalimie shemeji. Nipigie kabla ya Jumamosi.

Daudi