Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa Marchantia

Ndugu wanachama, habari za mwaka. Mambo ya hela mweka hazina atayasoma mwenyewe, mi niseme tu ada bado zinasuasua na lenzi hazitoshi, basi. Tuongee hili la Marchantia, jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu) ya livawoti, vile vimea vidogo visivyo na maua, maana ndo limekula karibu mikutano yote.

Wengi tulifundishwa kirahisi tu, ukikuta livawoti bapa imelala kwenye udongo mbichi, mgongoni ina vikombe na ndani yake vipande vidogo vya kijani ambavyo tone la mvua likipiga vinaruka kwenda kuota pembeni, hiyo ni Marchantia. Sasa mwaka 2016 Preissia, iliyokuwa jenasi ya peke yake, ikahamishiwa humo, na Bucegia ya milima ya Romania, nayo jenasi ya peke yake, ikaingia, na hizo mbili vikombe hazina kabisa! Ugomvi ukaanzia hapo, wazee wanasema jenasi imegeuzwa kapu la sokoni, vijana wanasema vinasaba vimeshaongea. Mi niko na vijana. Vinasaba vinaonyesha hizo mbili zimetokea katikati ya Marchantia zenyewe, sa utazitoaje nje ubaki na ukoo nusu? Na hicho kikombe chenyewe si ushahidi, Lunularia, livawoti wa jenasi nyingine, anacho pia, ila chake kina umbo la mwezi mwandamo.

Kwa hiyo jamani geuzeni mmea. Chini kuna magamba membamba, mara nyingi yana rangi ya zambarau, na yale ya safu za katikati kila moja lina kijincha chake kwenye ncha, angalia umbo la kile kijincha na meno ya pembeni. Mtaalamu wa livawoti Hélène Bischler alivyopanga Marchantia za Ulaya na Afrika mwaka 1993 magamba hayo aliyatilia maanani sana, na huku kwetu bila hayo spishi mbili, Marchantia (M.) pappeana na M. debilis, zitaendelea kutuchanganya.

M. polymorpha, iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1753, leo ina nususpishi (makundi ndani ya spishi moja) tatu na hapo afadhali, macho tu yanakusaidia: mstari mweusi wa katikati ukienda mfululizo ni polymorpha, ukikatikakatika ni ruderalis, hii ndo ile sugu ya kwenye vyungu vya bustani, na usipokuwepo ni montivagans ya milimani.

Sampuli leteni kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa nailoni zinaoza, na muandike zimetoka wapi na mwinuko gani. Zile za mwaka huu zisizo na maandishi katibu amezitenga, wenyewe mkazichukue.