Barua Ileile, Kompyuta Tofauti: Kwa Nini Mpangilio Unavurugika

Malalamiko tunayoyapokea kuliko yote kwenye duka letu hapa Kinondoni si ya virusi wala ya wino kuisha. Ni haya: barua imechapwa kwenye kompyuta ya sekretari, imekaa vizuri ukurasa mmoja. Ikifunguliwa kwa bosi inakuwa kurasa mbili, na huo wa pili hauna kitu zaidi ya "Wako katika ujenzi wa Taifa" na nafasi ya saini. Bosi anaona sekretari hajui kazi. Sekretari anaapa aliiacha ikiwa sawa, na kweli aliiacha sawa. Wanakuja na flashi, kila mmoja akitaka tumthibitishie mwenzake kwamba kosa si lake.

Mara nyingi kosa si la yeyote kati yao, na dawa yake si kompyuta mpya. Faili la Word halibebi sura ya ukurasa. Linabeba maelekezo: maneno haya yaandikwe kwa fonti fulani, ukubwa fulani, nafasi kati ya aya iwe kiasi hiki, karatasi iwe ya aina hii. Kazi ya kupanga kurasa hufanywa upya kila faili linapofunguliwa, na kila kompyuta huifanya kwa vifaa ilivyonavyo. Ni kama kupeleka vipimo vilevile kwa mafundi cherehani wawili wenye vitambaa tofauti: shati litatoka, ila halitakaa mwilini sawasawa.

Fonti ndiyo inaongoza

Tangu Office 2007, Word ilikuwa ikianza ukurasa mpya kwa Calibri ukubwa 11. Mwaka 2023 Microsoft wakabadilisha, na sasa Microsoft 365 inaanza na Aptos. Ofisi nyingi za hapa mjini zina mchanganyiko: kompyuta ya mhasibu ina Office 2010 aliyowekewa zamani na haijawahi kuguswa, ya bosi ni mpya na ina Microsoft 365, ya mapokezi ina LibreOffice kwa sababu ni ya bure. Bosi akiandika bila kugusa fonti, ameandika kwa Aptos. Office 2010 haina Aptos, kwa hiyo inatafuta fonti nyingine ya kuziba pengo. Herufi za fonti hiyo hazina upana sawa na za Aptos, basi mistari inakatika mahali pengine. Aya ya kwanza ikiongezeka mstari mmoja, zote zilizo chini yake zinasukumwa, na mwisho wa safari ni saini kudondokea ukurasa wa pili.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kisanduku cha fonti kule juu bado kitasoma Aptos. Word huonyesha jina la fonti iliyoombwa, hata kama kinachoonekana kwenye skrini ni fonti nyingine kabisa. Ndiyo maana tunaambiwa kila siku, "Fundi, mbona fonti ni ileile?" Ukitaka kujua ukweli, ingia File, kisha Options, kisha Advanced, ushuke hadi penye kitufe cha Font Substitution. Ukibofya, Word itakutajia fonti zinazokosekana na zilizowekwa badala yake.

Ushauri wetu kwa ofisi yenye mchanganyiko wa namna hii ni Times New Roman au Arial kwa barua zote. Vijana wa ubunifu wanatucheka tukisema hivyo, na wana haki, si fonti za kumvutia mtu. Lakini zipo karibu kwenye kila Windows na kila Mac, na LibreOffice inakuja na fonti za Liberation ambazo herufi zake zimetengenezwa kwa upana uleule. Sura inaweza kubadilika kidogo, ila mstari unakatika palepale. Kwa Calibri pia LibreOffice ina mbadala wa aina hiyo, unaitwa Carlito. Kama kampuni yenu ina fonti yake maalumu na hamtaki kuiacha, ipachikeni ndani ya faili: File, Options, Save, halafu tiki kwenye Embed fonts in the file. Faili litakuwa zito, na kuna fonti ambazo wenyewe hawakuruhusu zipachikwe, kwa hiyo jaribuni kwanza kabla ya kutegemea njia hiyo.

Karatasi ya Marekani kwenye printa ya Dar

Hili lina harufu ya Kariakoo. Laptopu nyingi tunazonunua zimeshatumika nje, nyingine Marekani, na zinafika na Windows iliyopangwa kwa mazingira ya huko. Hata mpya, mtu anapoiwasha mara ya kwanza na kuulizwa yuko nchi gani, anaacha United States ili amalize haraka. Matokeo yake Word inaanza na karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, wakati karibu rimu zote zinazouzwa hapa ni A4, milimita 210 kwa 297. Letter ni pana kidogo na ni fupi kwa karibu sentimita 2. Kwa maandishi ya kawaida hiyo ni mistari mitatu au minne, na hiyo ndiyo saini yako.

Baadhi ya printa zikipewa kazi ya Letter huku trei ina A4 zinasimama na kumulika taa. Watu wanafungua mlango wa nyuma, wanatoa katriji, wanaitikisa, kumbe printa inasubiri karatasi ambayo haitakuja. Nyingine hazilalamiki, na hizo ndizo mbaya zaidi, maana Word ina mpangilio wa kubana ukurasa wenyewe utoshee A4. Barua inatoka, pambizo za ajabu, na hakuna ajuaye kwa nini.

Badilisha Region ya Windows iwe Kiswahili cha Tanzania au Kiingereza cha Uingereza. Kisha kwenye Word fungua Layout, Size, More Paper Sizes, chagua A4, halafu bofya Set As Default ili kila ukurasa mpya uanze hivyo. Faili za zamani hazitajirekebisha, itabidi uzibadilishe moja moja.

Mpangilio huohuo wa nchi ndio unaoharibu tarehe za Excel. Ukiandika 03/04/2025 kwenye kompyuta iliyopangwa Kimarekani, Excel inahifadhi Machi 4. Wewe ulimaanisha Aprili 3. Ukiandika 25/04/2025, haioni tarehe kabisa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maneno tu. Njia ya haraka ya kugundua ni kutazama imelala upande gani wa kisanduku: tarehe ya kweli hulala kulia, maneno hulala kushoto, ilimradi hakuna aliyeipanga kwa mkono. Kwa ofisi inayotoa mizigo bandarini, ambako kontena likizidisha siku pesa zinahesabiwa, huo si mchezo. Sisi tunawaambia wateja wa namna hiyo waandike mwezi kwa herufi.

Tiki moja ambayo wengi hawaijui

Kila Word ina kiolezo chake cha msingi kinachoitwa Normal.dotm, kimefichwa ndani ya folda za mtumiaji. Ndicho kinachosema aya ya kawaida iweje: fonti gani, ukubwa gani, nafasi kiasi gani. Chako na cha jirani yako vinaweza visifanane, kwa kuwa kila toleo lilikuja na vipimo vyake. Word 2007 ilikuwa inaacha nafasi ya pointi 10 baada ya aya, Word 2013 ikashusha hadi 8.

Kwa kawaida hilo halina madhara, maana faili likishaandikwa linatembea na vipimo vyake. Shida ni tiki iitwayo Automatically update document styles. Ikiwa imewekwa, kila kompyuta inayolifungua faili inalivisha upya vipimo vya Normal yake. Dada wa mapokezi anarekebisha, anatuma. Mhasibu anafungua, limeharibika, anarekebisha, anarudisha. Kwa dada limeharibika tena. Wanaweza kurushiana hivyo wiki nzima na kila mmoja akaamini mwenzake anamchezea. Fungua faili, nenda File, Options, Add-ins, chini kabisa palipoandikwa Manage chagua Templates, bofya Go, ondoa tiki, hifadhi. Imekwisha.

Nukta na alama za aya

Tukiletewa faili, kitu cha kwanza tunabonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Hapo Word inaonyesha vilivyofichika. Kwenye kotesheni ya kawaida utakuta baina ya neno "Jumla" na tarakimu zake kuna msururu wa nukta ndogo, kila nukta ni mtu amebonyeza kitufe cha nafasi mara moja, akisukuma tarakimu taratibu mpaka zikakaa chini ya zenzake. Ukishuka kwenye saini unakuta alama za aya zimepangana, Enter juu ya Enter, ili jina la meneja lifike chini ya ukurasa. Kwenye kompyuta ile, kwa fonti ile, kila kitu kilinyooka. Fonti ikibadilika, upana wa nafasi moja nao unabadilika, na safu nzima ya bei inapinda.

Hatumlaumu mtu. Wengi walifundishwa na waliojifunzia kwenye mashine ya chapa, na kwenye mashine ya chapa hiyo ndiyo ilikuwa njia. Ila kwenye Word bei zinakaa ndani ya jedwali, hata kama mistari yake imefichwa. Ukurasa mpya unaletwa na Ctrl na Enter. Na saini, hili tunaomba mlishike: chagua kuanzia mistari miwili ya mwisho ya barua hadi mstari ulio juu ya jina la msaini, fungua Paragraph, Line and Page Breaks, weka tiki kwenye Keep with next. Baada ya hapo, hata barua ikihamia ukurasa wa pili, saini haitakwenda peke yake, itavuta maneno pamoja nayo.

Tukija ofisini kwenu, kazi yetu ni hiyo hasa, ila kwa kompyuta zote na kwa mpigo mmoja. Tunachukua barua, kotesheni, ankara na dokezo mnazotumia, tunavitengenezea violezo vya ofisi vilivyohifadhiwa kama .dotx, ambavyo ukivibofya mara mbili vinafungua nakala mpya na chenyewe kinabaki kilivyo. Nembo tunaipachika ndani. Tumeona ofisi ambako nembo ilikuwa imeunganishwa tu na picha iliyoko kwenye kompyuta ya mtu mmoja, kwa hiyo kwa wengine wote panatokea alama nyekundu ya mkasi. Kama mna folda ya pamoja, tunazielekeza Word zote huko kupitia File Locations, sehemu ya Workgroup templates. Kama hamna mtandao wa ndani, flashi inatosha, ila mteue mtu mmoja wa kuvitunza, kwa sababu kila mtu akianza kurekebisha cha kwake baada ya miezi michache mmerudi mlikotoka. Tunapanga Region na karatasi kwenye kila mashine, kisha tunakaa na wanaochapa. Gharama inategemea idadi ya kompyuta na violezo. Office zilizochakachuliwa hatuweki, mtusamehe.

Nyaraka ikishakubaliwa, iondoke ofisini ikiwa PDF. Adobe walitoa PDF mwaka 1993 kwa ajili ya shida hiihii, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Word kuanzia 2010 inahifadhi PDF yenyewe. Ukibofya Options wakati wa kuhifadhi na kuweka tiki ya PDF/A, fonti zinalazimika kuingia ndani. Hasa nyaraka za zabuni zinazopandishwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao: hutakuwepo pale kumweleza anayezisoma kwamba kwako jedwali lilikuwa limenyooka. Na ukienda kuprinti steshenari juu ya karatasi yenye nembo iliyokwisha chapwa, mwambie kijana achague Actual size, kwa kuwa Fit itapunguza kila kitu kidogo na maneno hayatakaa mahali pake.

Suala la simu tulipitie kwa haraka. Bosi yuko kwenye foleni ya Ubungo, kafungua barua kwenye WPS, programu ya simu ya kusomea faili za Word, kaona imevurugika, kapiga simu ofisini kwa hasira. Simu haina fonti zilizoko ofisini. Mtumieni PDF ya kusoma, na marekebisho ya maneno ayatume kwa ujumbe. Asirekebishe mpangilio kwenye simu.

Mkija kwetu, njooni na faili lenyewe. Picha ya skrini haitusaidii, wala karatasi iliyoprintiwa, kwa sababu nukta na tiki tunazozitafuta hazionekani huko. Mtuambie pia linakaa sawa kwenye kompyuta ipi na linavurugika kwenye ipi, na kila moja ina Office ya mwaka gani. Hilo la mwisho utalipata kwenye File, Account, au File, Help kama ni Office 2010.