Fanfari ya bendera ipande kama bendera ilivyopanda

Ndugu Mhariri,

Sherehe za Uhuru za 9 Desemba zikikaribia, bendi nyingi za shule hapa Mtwara na Lindi huanza kutafuta fanfari, yaani ule mlio mfupi wa matarumbeta wa kupandishia bendera. Mara nyingi kinachookotwa ni kipande cha kigeni kilichotungwa kwa jambo lingine kabisa. Sisi tunaofundisha matarumbeta tunaomba kitungwe cha kwetu, na tunaeleza namna.

Wadenmaki wanasimulia kwamba bendera yao, Dannebrog, ilianguka kutoka mbinguni tarehe 15 Juni 1219, mfalme Valdemar wa Pili akiwa vitani Lyndanisse, Estonia ya leo. Simulizi hiyo iliandikwa karne ya 16, lakini inampa mtunzi mwelekeo: anzia juu, shuka. Yetu ni kinyume. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro. Bendera ile ilibebwa na watu mlimani, hivyo muziki wake lazima upande. (Ilikuwa ya Tanganyika, yenye mistari ya kulala, rangi ya bluu ilikuja 1964.)

Urefu wake mapigo 32, kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika. Hizo ni sekunde 20, zinazotosha mlingoti wa mita 10 ikiwa kamba inavutwa nusu mita kwa sekunde. Tarumbeta 6, tromboni 3, tuba 1, ngoma ndogo 2, ngoma kubwa 1 na jozi moja ya matoazi zinatosha. Mapigo manne ya mwanzo ni ngoma kubwa peke yake, chini chini, kama giza la mlimani. Manne yanayofuata, tromboni na tuba zishike do ya chini. Kisha tarumbeta ziingie mbili mbili, kila jozi baada ya mapigo manne: so, do, mi. Mapigo manne bendi nzima ipande pamoja, na manane ya mwisho ishikwe so ya juu, matoazi yakilia mara moja tu bendera inapofika kileleni. Nota hizi zinatoka hata kwenye baragumu lisilo na valvu (vitufe vya kubadilishia nota), kwa hiyo vijana wa skauti nao wanaweza kuingia, mradi baragumu lao liwe la B-flati kama tarumbeta, yaani do yake iwe nota ya B-flati.

Panapoharibika zaidi ni ile so ya juu. Huko juu nota zimekaribiana. Mdomo ukilegea kidogo tu, sauti inaangukia mi na uwanja mzima unasikia. Wapewe wapulizaji wawili wenye midomo imara, wengine washike do na mi chini yao. Na fanfari ipigwe kabla ya gwaride. Kijana aliyepuliza machi saa nzima juani hana tena mdomo wa kupandia.

Kosa lingine ni kutoa kopi ya karatasi moja kwa wote. Tarumbeta ya B-flati ikisoma C inatoa B-flati, tromboni ikisoma C inatoa C. Zitapishana toni nzima, na hakuna mazoezi yatakayotibu hilo. Kila ala iandikiwe karatasi yake.

Joto nalo. Hewa ndani ya tarumbeta ikipata nyuzi 10 zaidi, sauti hupanda karibu theluthi ya nusu toni. Bendi iliyolinganisha sauti darasani itapishana uwanjani. Pulizeni dakika tano palepale juani, kisha vuta bomba la kurekebishia sauti, kwa kawaida kama sentimita 1. Ngoma za ngozi hufanya kinyume: unyevu wa Desemba huzilegeza, na wapigaji wa sindimba wanajua dawa yake ni moto kabla ya kupiga.

Katika uwanja mpana kama Nangwanda Sijaona, msiwagawe wapulizaji pande mbili. Mita 70 huchelewesha sauti kwa sekunde 0.2, karibu theluthi ya pigo. Ikibidi kugawana, wamtazame kiongozi, wasifuate masikio.

Mwisho, mvuta kamba afanye mazoezi na bendi, kwa bendera yenyewe na mlingoti wenyewe, angalau mara tatu. Kapi lenye kutu hukwama katikati, na bendi iliyokwisha kufika kwenye so haina pengine pa kwenda.

Wafundishaji wa matarumbeta,
Mtwara